Kivumbasi Kando ya Shimo la Baba

Nani aling'oa kivumbasi cha mama? Swali hili nimekuwa nalo tangu nikiwa na miaka tisa, na sasa, nikiwa nimefikia umri ambao vijana hunipisha kwenye foleni bila kuombwa, bado sina jibu. Hunirudia kila ninapopita kando ya ukuta wa nyumba yangu hapa Ibadakuli, mahali nilipopanda mashina kadhaa ya mmea huo. Nguo yangu ikigusa majani, harufu hupanda mara moja, kali na yenye ukakasi kidogo, kama karafuu iliyosagwa pamoja na majani mabichi. Nyuma yake hufuata harufu nyingine ambazo Ibadakuli hazipo: moshi wa mkaa, dagaa walio karibu kuungua, udongo wa chini uliotolewa juu ukiwa bado na ubaridi, na jasho la wanaume waliokaa kutwa nzima mahali pasipo na upepo. Hizo ni harufu za machimbo ya Rwamgasa, na za benchi refu la mama yangu la kuuzia chakula.

Sisi ni watu wa Kishapu. Kule mbu walikuwa wageni wa majuma machache tu. Mvua zikikatika nao waliondoka, na kwa muda uliobaki wa mwaka shida yetu ilikuwa vumbi na umbali wa maji. Baba alilima pamba kwa miaka mingi. Ilipomkatisha tamaa misimu miwili mfululizo, akaaga kwamba anakwenda kujaribu machimboni, akaondoka na blanketi moja na sururu. Baada ya miezi kadhaa alituma ujumbe kwamba amepata mahali, nasi tukamfuata: mama, mimi Minza, na mdogo wangu Masanja, ambaye wakati huo alikuwa bado akibebwa mgongoni.

Mahali alipopata baba palikuwa shimo. Alilichimba peke yake katika miezi ile ya kwanza, na lilimpa dhahabu kidogo, iliyotosha kujenga chumba kimoja cha tofali mbichi hatua chache kutoka pale na kumnunulia mama sufuria kubwa la biashara. Kisha maji yakapanda kutoka chini. Baba hakuwa na mashine ya kuyavuta. Akalizungushia shimo miti ili watoto wasitumbukie, akaenda kujiunga na wenzake sita kwenye duara la mtu mwingine, maana duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la kazi. Lakini la kwake hakuliacha moyoni. Alilizungumzia kama watu wa kwetu wanavyomzungumzia ng'ombe aliyekauka maziwa, kwamba amepumzika tu na siku moja atakamuliwa tena. Kila Jumapili alikwenda kusimama pale, akachungulia maji, akarudi ndani. Kifusi alichokitoa kilibaki kando, kichuguu kirefu kunizidi mimi, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Naomba msomaji aelewe kwamba hili halikuwa jambo la ajabu. Nilikua nikiona mashimo pande zote, mengine yana watu, mengine yana maji, na hadi wakati ule sikuwa nimemwona mchimbaji hata mmoja akifukia lolote. Kufukia shimo kulikuwa sawa na kukiri kwa kinywa chako mwenyewe kwamba chini hakuna kitu, na kukiri hivyo, waliamini, kunawafungia njia hata jirani zako.

Mbu wa Rwamgasa walitokea kwenye mashimo hayo. Jioni, jua likiwa bado halijazama vizuri, walianza kuimba. Tulikuwa na chandarua kimoja kizuri, na tulilala wote wanne chini yake, lakini chandarua kinamfaa aliyelala. Mama alikuwa akipika hadi saa mbili au saa tatu, maana wachimbaji walikula walipotoka chini, nasi watoto tulikaa naye pale kwenye banda lake la chakula, miguu yetu ikining'inia benchini, tukiumwa.

Masanja aliugua malaria mara mbili katika msimu mmoja wa mvua. Mara ya kwanza ilikuwa homa ya kawaida. Mara ya pili alipatwa na degedege. Mama alimbeba hadi zahanati akikimbia, mimi nikikimbia nyuma na kiatu chake kimoja kilichodondoka. Alipozinduka, muuguzi alizungumza na mama kwa upole lakini bila kuficha kitu. Alisema mtoto akirudia hali ile, anaweza asizinduke. Kisha akamwagiza mambo matatu: dawa zimalizike hata kama homa imeshuka, mtoto asiumwe na mbu, hata hizo saa za jioni, na maji yaliyotuama karibu na nyumba yaondolewe. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa mama na nilisikia yote matatu. Usiku ule mama alipomweleza baba maagizo ya muuguzi, alitaja mawili. Nilidhani amesahau la tatu. Nilitaka kumkumbusha, lakini kwetu mtoto hakuingilia mazungumzo ya wakubwa, na asubuhi nikawa nimesahau mimi pia.

Juma lililofuata mama alipanda gari kwenda Kishapu kumsalimia bibi, akarudi na miche ya kivumbasi iliyofungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Bibi alikuwa na kawaida ya kukifukiza ndani ya nyumba kila mvua zinapoanza. Mama alikata madumu ya zamani ya mafuta ya kula, akayatoboa chini, akajaza udongo na samadi, akapanda. Aliyapanga madumu hayo kuzunguka banda lote, kumi na manne, na nafasi aliyoiacha ilitosha mtu mmoja kupita. Baada ya miezi miwili hivi banda likawa limezungukwa na ukuta wa kijani uliofika kiunoni mwangu.

Kazi ya kuyatunza ilikuwa yangu, na niliifanya kwa majivuno. Mama alinifundisha kwamba kivumbasi kilichosimama kimya hakimsumbui mbu hata kidogo, lazima kiguswe. Kwa hiyo kila jioni, kabla ya wateja kufika, nilizunguka banda nikiyapiga majani makofi mepesi, dumu baada ya dumu, mpaka viganja vyangu vikawa vya kijani na harufu ikajaa pale kama mtu aliyeingia na kuketi. Majani mengine mama aliyasugua kwenye mikono na miguu ya Masanja. Matawi yaliyokomaa aliyaweka juu ya makaa, yakatoa moshi mweupe ulioliza macho. Asubuhi na jioni nilimwagilia. Maji ya bomba yalikuwa mbali na ya kununua, hivyo nilitumia ya karibu: nilitumbukiza kopo lenye kamba katika shimo la baba.

Wachimbaji walipenda mwanzoni. Kulikuwa na kijana mmoja wa Singida, mcheshi, aliyekuwa akiinama kunusa kabla ya kuketi, kisha akimwambia mama kwamba sasa wanakula hotelini, imebaki kitambaa cha meza. Alinishikia nafasi benchini na kuniita bwana shamba. Mbu hawakuisha, siwezi kusema uongo, lakini walipungua kiasi cha mtu kumaliza sahani yake ya ugali bila kujipiga kofi shingoni. Masanja alimaliza miezi mitatu bila homa. Mama alianza kuimba tena wakati wa kukaanga.

Kisha duara la kina baba likakauka. Sisemi maji; nasema lilikosa dhahabu. Siku baada ya siku walipandisha mawe, wakayasaga, wakayaosha, wakaambulia mchanga. Wachimbaji wa wakati ule walikuwa na miiko yao. Mtu hakupiga mluzi akiwa chini. Hakushuka siku aliyogombana na mkewe. Na hakushuka akinukia marashi wala sabuni ya harufu, kwa sababu dhahabu, walisema, ina pua, na ikinusa kitu kigeni hujivuta ndani zaidi ya mwamba. Haikuchukua muda mtu kunusa shati la mwenzake kule chini na kutambua kwamba wote wananukia banda la mama.

Kiongozi wa kundi lao aliitwa Lutema. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye vidole viwili pungufu mkono wa kushoto, na alimheshimu mama sana, ambaye hakuwahi kumpimia chakula kwa macho mabaya. Alikuja jioni moja, akasalimia, akapokea shikamoo zetu, akakataa kuketi.

"Shemeji, chakula chako hatuna neno nacho," alisema. "Ila vijana wangu wananukia kama maharusi. Tangu mwezi uliopita tunatoa mawe matupu."

Mama aliendelea kukoroga mboga. "Na kabla ya kivumbasi mlikuwa mnatoa nini?"

"Kidogo. Lakini tulikuwa tunatoa."

"Hicho kidogo hakikuwa na pua?"

Kijana wa Singida alicheka hadi akapaliwa. Lutema naye alitabasamu, lakini alisogea karibu na jiko na kushusha sauti, na mimi niliyekuwa nikiosha sahani pale chini nilisikia kila neno. Alisema ana watu sita mkononi mwake, kila mmoja na watoto wake, na Baba Minza ni mmoja wao. Wenzake wameanza kusema maneno. Asingependa ifike siku ya kumwambia rafiki yake apumzike.

"Ving'oe, shemeji. Mpaka tupate mwamba mzuri tu. Baadaye utapanda hata msitu."

"Wewe una sita," mama alisema. "Mimi ninao wawili, na mmoja amerudi kutoka mbali mara mbili. Hivi sikuvipanda kutia kwenye chai, Lutema."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina tupu. Lutema aliaga akaondoka. Kuanzia kesho yake benchi lilianza kupwaya. Waliobaki walikula wakiwa wamesimama nje ya mzunguko wa madumu, upande ambao upepo haukuwapelekea harufu, na kijana wa Singida aliacha kuniita bwana shamba. Nyumbani baba alizungumza kidogo kuliko kawaida, na kawaida yake yenyewe ilikuwa kidogo. Nilimsikia mara moja tu akimuuliza mama kama haiwezekani kuyahamishia madumu nyuma ya nyumba. Mama akamjibu kwamba mtoto hakai nyuma ya nyumba, anakaa na yeye bandani.

Siku ya nne nilirudi kutoka shule mchana na kukuta kivumbasi chote kimeng'olewa. Madumu yalikuwa yamelazwa ubavu, udongo umemwagika, na mashina yamelala juani mizizi ikiangalia juu, majani yameshaanza kusinyaa. Harufu ilikuwa kali kuliko siku zote, maana majani hayakuwahi kuguswa kiasi kile. Mama alikuwa amekwenda sokoni kununua unga na alifika baada yangu. Alisimama, akatua ndoo. Hakulia wala hakuuliza nani. Aliokota shina moja moja, akakung'uta mbegu zilizokuwa zimekauka juu ya upande wa khanga yake, akazifunga fundo.

Nimewatafakari wote. Lutema alikuwa na sababu, lakini hakuwa mtu wa kufanya jambo mgongoni mwa mtu. Vijana wake walikuwa na sababu na ujasiri. Baba alikuwa na sababu kubwa kuliko wote, na jioni ile suruali yake ilikuwa na udongo magotini. Lakini ni siku gani suruali ya mchimbaji haikuwa na udongo magotini? Na zipo nyakati, nikiwa peke yangu, ninapomfikiria hata mama mwenyewe. Namwona akirudi kutoka sokoni akiwa ametulia mno, na naona kwamba ukuta ule wa kijani ulikuwa umemchosha, kwa sababu ambayo nitaisema punde.

Jioni ile hakukuwa na kitu cha kumwagilia, lakini mikono yangu ilishazoea kazi. Nilivuta maji shimoni kama kawaida, na kwa kuwa sikuwa na pa kuyamwaga, nikayamimina katika beseni jeupe la kunawia. Humo ndani, dhidi ya weupe ule, nikaona vizuri kitu ambacho katika kopo jeusi nilikuwa nikikiona nusunusu tu: vidudu vingi vyembamba kama nyuzi, vikijikunja na kujikunjua, vikipanda juu kupumua na kuzama ukivitikisia kivuli. Nilimwita Masanja aje aone samaki wetu. Tulichuchumaa pale tukicheka, yeye akivigawa kwa kidole, vyake na vyangu.

Baba alifika akiwa amenyoosha mikono, tayari kunawa. Akaona beseni, akasita.

"Wametoka wapi hawa?"

"Kwenye shimo lako, baba," nilisema kwa furaha. "Wamejaa."

Alimtazama mama. Mama alikuwa ameweka kiganja shingoni mwa Masanja kupima joto, jambo alilolifanya kila jioni tangu siku ya degedege, na hakukiondoa.

"Hao ndio mbu wanaomuuma mwanao," alisema. "Muuguzi aliniambia. Sikukwambia."

Baba alibeba beseni hadi barabarani, akayamwaga maji kwenye vumbi kavu, akasimama akitazama mpaka yalipokauka. Kisha akaenda kwenye shimo. Haikuwa Jumapili. Alikaa juu ya kifusi chake hadi giza lilipoanza kuingia, na mama alipoivisha chakula hakumtuma mtu kumwita.

Nimesoma baadaye, chuoni na nje ya chuo, na ninajua kwamba kivumbasi kinaweza kupunguza mbu kwa muda kikipondwa au kufukizwa, na kwamba hakiwezi kushindana na shimo la maji lililo hatua kumi kutoka mlangoni. Huo si ugunduzi mkubwa. Jambo lililonichukua miaka mingi kuelewa ni kwa nini mama, aliyelijua hilo tangu siku ile ya zahanati, alisafiri hadi Kishapu kufuata miche. Hakuwa amesahau agizo la tatu. Alilimeza. Alijua lile shimo lilikuwa nini kwa mumewe aliyeshindwa na pamba, na hakupata njia ya kumwambia alifukie bila kumwambia pia kwamba kila kitu kilichotuleta kule kimekwisha. Basi akazunguka. Alipanda madumu kumi na manne ya maneno ambayo hakuweza kuyasema, akanipa mimi kazi ya kuyapiga makofi kila jioni, na kwa kejeli ambayo hakuna aliyeipanga, nikayamwagilia kwa maji yaleyale. Tena naona sasa kwamba yeye na Lutema hawakuwa mbali kama walivyodhani. Kila mmoja aliiachia harufu kazi ambayo asingethubutu kuifanya mwenyewe: mama, kumwambia baba alifukie shimo; Lutema, kukiri kwamba duara lake limekwisha. Sina dharau kwa yeyote kati yao. Mtu anayeogopa kupoteza kitu hushika kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni kile kisichomlazimu kuumiza mtu.

Baba alirudi ndani tukiwa tumeshapanda kitandani. Nilimsikia akimwambia mama kwamba kesho hatakwenda duarani. Mama alimuuliza kama Lutema atamwelewa. Baba akasema Lutema atachagua mwenyewe, yeye ameshachagua.

Asubuhi alitoka na beleshi kabla hatujanywa uji. Aling'oa miti aliyoizungushia shimo, mmoja mmoja, akaipanga kando kwa utaratibu kama atakayeihitaji. Wachimbaji waliokuwa wakipita kwenda kazini walipunguza mwendo. Hakuna aliyemsalimia, na Lutema alipofika alisimama muda mrefu, mkono wenye vidole vitatu ukiwa kifuani.

"Unalifukia, Baba Minza?"

"Ninalifukia."

Lutema alitikisa kichwa taratibu, akaendelea na njia yake. Baba akakanyaga beleshi kwenye kifusi, akalijaza, akarusha. Udongo wa kwanza ulipiga maji kwa kishindo. Wa pili haukupiga kelele sana. Masanja, aliyekuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha uji, aliuliza kwa nini baba anachimba kinyumenyume. Mama alijifunga khanga kiunoni, akachukua karai, akalijaza kifusi kwa mikono, nami nikashika ukingo wa pili tukalipeleka shimoni.